Kuongeza kadi ya picha (ile ya kuchezea gemu) kwenye kompyuta ya ofisini: soma kwanza boksi lako, afu ndo uende dukani

Swali linaloulizwa kila siku ni "kadi gani kali kwa laki tatu", na kila mtu anajibu kwa kutaja anayoipenda yeye, mmoja RX 580, mwingine 1660 Super, mwingine anakwambia vumilia uongeze hela uchukue 3060. Mi nimelipitia hili jambo kwa mashine yangu mwenyewe hapa Dar na naona swali linatakiwa lianzie upande wa pili kabisa, yani mashine uliyonayo inaruhusu nini, maana kadi inakula umeme wa pawa saplai yako (kile kiboksi cha ndani kinachogawa umeme), inakaa kwenye boksi lako (kasha la mashine), inalishwa na prosesa yako na inaonyesha kwenye kioo chako, kimojawapo kikigoma basi hela yote uliyotoa inalala mezani.

Mashine yenyewe ni Dell OptiPlex 9020, ile ya mnara sio ile nyembamba, prosesa i5-4590, rami 8GB za DDR3. Ni hizi hizi zinazotolewa maofisini Ulaya wakibadilisha vifaa kwa mkupuo, zinapakiwa kwenye makontena zinakuja huku, ukipita Kariakoo unazikuta zimepangwa mpaka nje ya duka. Kwa kazi za kawaida ni mashine nzuri sana na mtu mwenye hela ndogo akiniuliza aanze na nini bado ntamwambia aanze nayo. Shida ni upande wa picha. Ndani hakuna kadi, kuna ile Intel HD 4600 iliyomo kwenye prosesa, GTA V ilikuwa inaenda kwa setingi za chini kabisa na bado ukiingia mjini na gari mbio inakatakata, afu mdogo wangu anataka mpira wake wa FC 24 ambao wenyewe wameandika kadi ya chini kabisa iwe GTX 1050 Ti. Bajeti ilikuwa laki tatu na nusu, na hiyo ni ya kila kitu, kadi, adapta ikihitajika, nauli, yote humo humo.

Kabla sijauliza bei ya kadi yoyote nilifungua ubavu wa boksi nikasoma stika ya pawa saplai. Wati 290. Afu nikafuata nyaya moja moja kuangalia kama kuna ule waya wa pini 6 au pini 8 wa kuchomeka kwenye kadi, hakuna hata mmoja, kuna za diski na za sidii basi. Hapo tayari orodha ya kadi imepungua zaidi ya nusu, na hii ndo hatua ambayo watu wengi wanairuka. Sloti ya PCIe (tundu refu inapochomekwa kadi) kwenye mazabodi, yani bodi kuu ya mashine, inatoa mpaka wati 75, hiyo ndo kanuni yake, waya wa pini 6 unaongeza wati 75 nyingine na wa pini 8 unaongeza 150. Kwaiyo kama huna hizo nyaya kadi yako lazima iwe ya wati 75 kushuka chini na isiwe na tundu la waya kabisa.

Mtu atasema si ubadilishe pawa saplai. Sawa, ila kwenye hizi Dell kuna kitu inabidi ukijue. 9020 na 7020 mazabodi zake hazitumii ule waya mkubwa wa pini 24 wa kawaida, zina kiunganishi chao cha pini 8, kwaiyo ukinunua pawa saplai ya dukani lazima utafute na adapta ya kutoka 24 kwenda 8. 7010 ya nyuma yake ndo inatumia pini 24 za kawaida. Afu kuna suala la pawa saplai zenyewe, zile za elfu thelathini zilizoandikwa 500W kwa maandishi makubwa, ukiibeba mkononi ni nyepesi mpaka unashangaa. Ukiiona hivyo usitazame namba kubwa, soma mstari wa volti 12 pale kwenye jedwali la pembeni, zidisha ampea kwa 12 ndo utapata wati ambazo kadi na prosesa zinaweza kutumia kweli, utakuta nyingi hazifiki hata nusu ya kilichoandikwa. Mi siwezi kuweka kitu kama hicho kwenye mashine na umeme wetu huu wa kukatika na kurudi kwa kishindo. Pawa saplai ya asili ya Dell ni ndogo lakini ni ya kweli, wati 290 zake ni 290, na i5-4590 ina kiwango cha wati 84, ukiongeza kadi ya 75 na vitu vingine vidogo bado inapumua vizuri.

Pamoja na hayo RX 580 nililipigia hesabu kabisa, maana ni kadi inayosifiwa sana na kwa haki, ilitoka 2017, ina memori 8GB na kwenye gemu nyingi inaipita GTX 1650 ambayo nitaifikia mbele. Zimejaa sokoni kwa sababu ya uchimbaji wa sarafu za kidijitali, watu walizinunua kwa mamia wakazifunga nyingi pamoja kuchimba Ethereum usiku na mchana, afu Septemba 15, 2022 Ethereum ikaachana na uchimbaji wa aina hiyo, kadi zikakosa kazi zikaanza kumwagika sokoni dunia nzima. Kadi iliyochimba sio lazima iwe mbovu, ila feni zake zimezunguka miaka bila kupumzika, pesti ya kupoozea chipu imekauka, na nyingi bayosi yake (programu ya ndani ya kadi) ilibadilishwa ili ichimbe vizuri kwaiyo ukiichomeka kwenye gemu inaleta vituko mpaka uirudishie bayosi ya asili. Na kuna nyingine imeandikwa RX 580 2048SP, hiyo ilitengenezwa kwa soko la China, ndani ina kori (vile viini vinavyochora picha) 2048 kama RX 570, sio 2304 za RX 580 yenyewe. Bei unaambiwa ni moja.

Hesabu yangu ikawa hivi, kadi yenyewe inaingia kwenye bajeti, ila ukiweka pawa saplai ya maana na adapta ya Dell bajeti imeshavuka na bado hujajua kama kadi ni nzima. Afu kuna LUKU. RX 580 imewekewa wati 185, GTX 1650 wati 75, tofauti 110. Ukicheza masaa manne kwa siku hiyo ni karibu nusu uniti, kwa mwezi kama uniti 13, na kwa bei ya kawaida ya shilingi 350 na ushee (sio ya wale wa uniti 75 za bei ya chini) unakaribia elfu tano kila mwezi, kwa mwaka ni elfu hamsini na zaidi. Kwa mtu anayehesabu bajeti kwa elfu kumi kumi hiyo ni hela ya kuonekana. Na wati zote hizo zinageuka joto chumbani, mwezi wa pili hapa Dar chumba cha bati feni ya ukutani yenyewe inazungusha hewa ya moto, mi sikutaka kuongeza jiko lingine.

Basi nikabaki kwenye kundi la wati 75 kushuka, na hapa ndo pazuri pa kukaa ukajadili kwa utulivu maana kadi ziko chache na kila moja ina lake.

GTX 750 Ti ni ya 2014, wati 60, memori 2GB. Kwa miaka mingi hii ndo ilikuwa dawa ya mashine za ofisini, bei yake saivi ni ndogo sana, na kama unacheza PES za zamani, GTA San Andreas, NFS za zamani, CS, haina tatizo kabisa. Ila 2GB kwa gemu za miaka hii imekwisha, picha za kuta na barabara zinachelewa kuja zinakuja na ukungu. 1050 Ti ya 2016 ina 4GB na ndo iliyokuwa kichwani mwangu mwanzo, nzuri, haina makelele, nyingi hazihitaji waya. Kilichonitoa kwake ni draiva, yani programu inayoifanya Windows na gemu zielewane na kadi. Nvidia walitangaza kwamba familia ya Maxwell na Pascal, yani 750 Ti, 900 zote na 10 zote, draiva zake za gemu mwisho wake ulikuwa Oktoba 2025, baada ya hapo ni viraka vya usalama tu mpaka Oktoba 2028. Haina maana kadi zimezima, gemu zilizopo zinaendelea kwenda kama kawaida, ila gemu mpya ikitoka na tatizo kwenye kadi yako hakuna atakayeirekebisha. Kama nanunua leo na nategemea kukaa nayo miaka, hilo lina uzito.

RX 6400 ya AMD ni ya 2022, wati 53 tu, fupi, inaingia mpaka kwenye maboksi membamba, ukiiona kwenye karatasi unaipenda. Ila ina njia nne tu za PCIe kati ya kumi na sita, na ilitengenezwa ikitegemea mazabodi za PCIe 4.0 ambako njia nne zinatosha kiasi. Mashine yangu ni PCIe 3.0, kwaiyo kila njia inapitisha nusu, na ile memori ya 4GB ikijaa kadi inaanza kukimbilia rami ya mashine kupitia kwenye hako kanjia kembamba, ndo unaona gemu inaruka ruka. Afu haina kifaa cha kurekodi video ndani yake, na mdogo wangu magoli yake lazima ayarekodi ayapost, ingebidi kazi hiyo ifanywe na prosesa ambayo tayari imechoka.

RTX 3050 ya 6GB (sio ya 8GB, hizi ni kadi mbili tofauti kabisa zimepewa jina moja) ilitoka Februari 2024, wati 70, nyingi hazina tundu la waya, ina 6GB na ina DLSS, ile teknolojia ya Nvidia ya kuchora picha ndogo afu kuikuza. Hii ndo kadi bora kuliko zote kwa mashine kama yangu, nasema bila kusita, na mwenye hela asome hapa aache kusoma mengine. Mi bei niliyoikuta ilikuwa mbali na laki tatu na nusu.

Ikabaki GTX 1650, ya 2019, memori 4GB, ni familia ya Turing iliyofuata Pascal kwaiyo draiva bado zinakuja, na inaiacha 1050 Ti kwa kama robo mpaka theluthi. Na yenyewe ina matoleo, la kwanza lina memori ya GDDR5 inayopitisha 128GB kwa sekunde, la baadae la 2020 lina GDDR6 inayopitisha 192GB, jina la mbele ni lile lile kwaiyo uangalie kwenye boksi au kwenye programu. Na ziko zenye tundu la pini 6 na zisizo nalo, hili usiulize muuzaji, igeuze kadi uangalie ukingo wake wa juu kwa macho yako.

Nikaingia Kariakoo na flashi mfukoni. Ndani nimeweka GPU-Z, ni programu ndogo ya bure inayokuonyesha kadi ina chipu gani hasa, haina hata haja ya kuinstoli, na FurMark ya kuichemsha kadi. Hivi vitu viwili vinatosha kukulinda na ningependa kila anayekwenda kununua kadi ya mtumba awe navyo.

Duka moja kijana akanipokea vizuri, "karibu boss wangu", akanitolea 1050 Ti kwenye boksi jeupe lisilo na jina la kampuni, 4GB, mpya, laki na sitini. Nikasema sawa ngoja niione kwa sababu bei ya hivyo inaweza kumbadilisha mtu mawazo. Nikaigeuza nyuma pale inapochomekwa kioo. Kuna HDMI, kuna DVI, na katikati kuna tundu la VGA, lile la bluu la vishimo 15. Mkono ukasimama hapo hapo, maana kuanzia familia hii ya Pascal Nvidia walishaondoa mfumo wa VGA kwenye chipu zao, 1050 Ti haina sababu ya kuwa na tundu la bluu. Nikamwambia kaka naomba tuichomeke kwenye mashine yoyote hapa niione, akasema haina shida hiyo inawaka tu, nikamwambia najua inawaka ila naomba niione hapa hapa kaka yangu nakuomba. Akakubali, hakukasirika. Ilivyowaka Windows ikaandika GTX 1050 Ti kabisa, ukiishia hapo unalipa unaondoka unashukuru. Nikafungua GPU-Z. Mbele ya jina kuna neno FAKE kwenye mabano, na pale kwenye idadi ya shader (ndo zile kori) imeandika 192. 1050 Ti ina 768. Hizo 192 ni za chipu kama ya GTS 450 au GTX 550 Ti, kadi za 2010 na 2011, mtu ameibadilisha bayosi ikadanganya jina na ikadanganya memori.

Nikamwonyesha yule kijana skrini, nikamweleza taratibu hii namba ni nini na hii ingetakiwa iwe ngapi. Alikaa kimya afu akapiga picha kwa simu yake, akasema mzigo huu kapewa na mtu wa jumla na tayari kashauza kadhaa. Mi sidhani alikuwa anajua, na nadhani wengi hawajui, kadi inapita mikono mitano toka kiwandani mpaka mezani kwake na hakuna hata mmoja aliyefungua hiyo programu. Ndo maana nasema flashi mfukoni.

Kadi niliyoichukua niliipata kwa jamaa mwingine anayefuata mizigo Dubai, GTX 1650 ya GDDR6, feni moja, fupi, haina tundu la waya, imetumika. Alianza laki tatu na arobaini. Kabla ya kuongea bei nikaikagua chini ya taa. Pale kwenye meno ya dhahabu yanayoingia kwenye sloti nilitaka kuona kama yamekwaruzika sana au yana weusi. Kwenye bati la nyuma nilitafuta kutu, maana kadi ikikaa kwenye hewa ya bahari bila kutumika skrubu zake zinaanza kuota unga mweupe na wekundu, na ukiona hivyo kwenye skrubu jua na ndani huenda kumefika. Feni niliizungusha kwa kidole, izunguke laini isikwaruze wala isiyumbe. Harufu pia, usione ajabu, kitu kilichowahi kuungua harufu yake haitoki. Ilikuwa safi, ina vumbi la kawaida.

Tukaichomeka, GPU-Z ikasoma shader 896, memori 4GB GDDR6, jina halina neno lolote mbele. Tukawasha FurMark tukaiacha ichemke huku tunaongea, mi macho yapo kwenye namba ya joto. Kitu unachotafuta ni joto lipande lifike mahali litulie, yangu ilitulia sabini na kitu, ikiendelea kupanda tu bila kusimama mpaka tisini hapo pesti imekufa au feni haifanyi kazi yake, sio mwisho wa dunia kwa sababu pesti ni ya kubadilisha ila bei ishuke. Na kwenye picha yenyewe utafute vidoti vya rangi, mistari, vipande vya skrini vinavyometameta, hivyo mara nyingi ni memori inakufa na hapo hakuna fundi wala punguzo la bei, acha kadi ondoka. Yangu ilikuwa imetulia. Tukaongea mpaka laki mbili na tisini na tano, akaniandikia risiti yenye namba ya siriali ya kadi na warantii ya wiki mbili. Hiyo namba ya siriali kwenye risiti ipiganie sana, bila hiyo ukirudi na kadi mtu anaweza kusema sio yangu na utakuwa huna cha kujibu.

Elfu ishirini na tano ikaenda kwenye adapta ya kutoka HDMI kwenda VGA, maana kioo changu ni cha ofisini vile vile, inchi 20, kina VGA ya zamani, na kadi ina HDMI na DisplayPort. Adapta lazima iwe ile yenye chipu ndani inayobadilisha mawimbi, kijiwaya cha bei ya soda cha kuunganisha pini kwa pini hakifanyi kazi. Ila hapa kuna jambo zuri kuhusu hivi vioo vya zamani ambalo watu hawalipigii hesabu. Kioo changu ni 1600 kwa 900, hiyo ni pikseli milioni 1.44, wakati Full HD ni kama milioni 2.07. Kadi inachora pikseli pungufu kwa asilimia thelathini, kwaiyo kadi ya kawaida kwenye kioo cha hivi inajikuta inafanya kazi ya kadi kubwa kidogo. Mtu anayekwambia 1650 haitoshi muulize anatumia kioo gani.

Kufunga haikuwa kazi. Kutoa umeme ukutani, kushika bati la boksi mkono uachie umeme wa mwili, kuondoa vibati viwili vya nyuma maana kadi inakaa nafasi mbili, kuisukuma mpaka isikike inabana. Kebo ya kioo unahamishia kwenye kadi, usiiache kwenye mazabodi, kuna jamaa wengi wanarudisha kadi nzima dukani wakisema haiwaki kumbe kioo bado kiko pale pale kwenye prosesa. Draiva nilishusha toka kwa Nvidia wenyewe.

Kitu kilichofuata hakihusu kadi ila kilileta tofauti kubwa, rami. Mashine ilikuja na kijiti kimoja cha 8GB. Kikiwa kimoja rami inapita kwenye njia moja, vikiwa viwili vinavyofanana zinapita njia mbili kwa pamoja, na prosesa hizi za i5 za zamani zinalihisi sana hilo. DDR3 nilikuta inauzwa kama njugu, ikatumia kile kilichobaki kwenye bajeti na ikawa 16GB. GTA V kule mjini ambako ilikuwa inakatakata nadhani rami ndo imetuliza zaidi kuliko hata kadi.

Namna ya kujua nani anamchelewesha mwenzake kati ya kadi na prosesa ni rahisi, weka MSI Afterburner ikuonyeshe asilimia juu ya skrini ukiwa unacheza. Kadi ikiwa 97 mpaka 99 na prosesa iko sitini, kadi ndo imefika mwisho. Ikiwa prosesa iko 100 na kadi iko 60, hata ungeweka kadi ya milioni mbili fremu (idadi ya picha kwa sekunde) zitabaki pale pale. Kwangu kwenye FC 24 na GTA V zinagawana vizuri, GTA setingi za juu nimeifungia fremu 60 kwa sababu kioo chenyewe ni cha 60 na prosesa inapata nafasi ya kupumua, inakuwa laini kuliko ukiiachia ipande 90 afu ishuke 45. Red Dead Redemption 2 inachezeka kwa setingi za kati na za chini, ila hapo prosesa inalia, kori nne bila nyuzi za ziada ni kidogo kwa gemu ile, na diski yake wameandika 150GB kwaiyo jipange. Gemu yenye FSR iwashe, hiyo ni ya AMD lakini inakubali hata kwenye kadi za GTX, inachora picha ndogo afu inaikuza. DLSS kwenye GTX haipo.

Na kuna gemu ambazo hazitaingia kabisa na ni bora uzijue kabla hujanunua bando la kuzishusha. Indiana Jones and the Great Circle na DOOM: The Dark Ages zinadai kadi yenye ray tracing ya ndani (uwezo wa kuchora mwanga kama wa kweli), kwenye GTX yoyote haziwaki. Nyingine zinafungwa na mashine sio kadi, Battlefield 6 inataka Secure Boot (ulinzi wa mashine inapowaka) na TPM 2.0 (chipu ya usalama), Valorant nayo inataka hivyo hivyo ukiwa kwenye Windows 11, na hizi OptiPlex 9020 TPM yake ni 1.2. Wadogo zetu wanaonunuliwa kadi kwa ajili ya gemu moja tu wanatakiwa waambiwe hili mapema na watu wazima wanaojua, inauma sana kumwona dogo amekusanya hela mwaka mzima afu gemu yenyewe inamwandikia haiwezekani.

Kwa mwenye boksi tofauti na langu mambo yanabadilika kidogo. Kama ni ile nyembamba ya SFF tafuta kadi iliyoandikwa low profile na uhakikishe inakuja na lile bati fupi la nyuma, 1650 zipo za hivyo na RTX 3050 6GB zipo pia, bila bati fupi kadi haikai. Kama una mashine ya kuunga mwenyewe yenye pawa saplai ya kweli ya wati 450 na waya wa pini 8, wala usisumbuke na hili kundi langu, jichange ukatafute RX 6600 ya mtumba, 8GB, wati 132, kwa Full HD hiyo ni kadi ya kukaa nayo. Na kama ni HP au Lenovo ya ofisini fungua ubavu usome stika kwanza, nyingi nazo zina mazabodi za viunganishi vyao wenyewe, afu pima kwa rula toka kwenye bati la nyuma mpaka kwenye kizimba cha diski, namba hiyo iandike kwenye simu uende nayo dukani pamoja na flashi.